Ukurasa Unaopanda

Ukungu uliingia ukumbini pamoja na watu. Madirisha yalikuwa wazi kwa sababu tulikuwa wengi na joto la miili lilianza kupanda, na ukungu wa Lushoto hauombi ruhusa. Ulipita juu ya meza za wachoraji, ukagusa karatasi zilizotundikwa kwa vibanio kwenye kamba, nazo zikatikisika kama nguo za watoto zilizoanikwa. Vijana walikuwa wamevaa vinyago vya karatasi ngumu na makoti ya rangi, wamejifanya watu wa kwenye katuni. Walipotokea ndani ya ule weupe, mmoja mmoja, sikuweza kusema yupi amechorwa na yupi amezaliwa.

Lilikuwa tamasha la kwanza la katuni nililowahi kuliona, na mimi nilikuwa mmoja wa wachoraji. Shingoni nilivaa kadi yenye jina langu, Evelina, na chini yake maneno: Mchora Katuni, Malindi. Malindi yetu ni ya huku milimani, si ile ya pwani. Kadi hiyo niliisoma mara nyingi nikiwa njiani. Nina miaka hamsini na minne, na kusoma nilijua nikiwa na arobaini na tisa, kwenye darasa la jioni la usharika wetu, chini ya Mwalimu Abrahamu. Tulikuwa watu wazima kumi na mmoja. Tulitoka mashambani na majembe yetu, tukayaegemeza ukutani, tukaomba, ndipo tukaanza herufi. Herufi zilinichosha, kwa hiyo pembeni ya daftari nilichora watu. Mwalimu hakunigombeza. Alivikata vile vipicha akavibandika kwenye ubao wa matangazo wa kanisa: mama anayegombana na kabichi yake; mzee anayesinzia ibadani, na mbuzi wake amekaa wima akimsikiliza mchungaji kwa niaba yake. Watu walicheka. Baadaye jarida la usharika likaanza kuvichapa, kimoja kila mwezi, kisanduku kimoja tu. Ndivyo nilivyoitwa mchora katuni, na ndivyo nilivyopewa meza ya watoto Jumamosi ile, niwafundishe kuchora kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana.

Lakini sikwenda Lushoto kwa ajili ya kadi, wala kwa ajili ya watoto, Mungu anisamehe. Nilikwenda kumsubiri mdogo wangu Klara.

Klara anachuma chai upande wa Bumbuli. Tangu utoto ni mtu wa kuchelewa. Mama alikuwa akisema alichelewa hata kuzaliwa, wiki mbili nzima, mpaka mkunga akarudi kwake mara mbili kupalilia maharage. Miaka mitano iliyopita mama yetu alifariki, katikati ya masika. Kilima kiliporomoka kikakata barabara, na Klara akatembea kwa miguu siku moja na nusu. Sisi hatukusubiri. Mvua ilikuwa inajaza kaburi. Alipofika, matope hadi magotini, watu walikuwa tayari wananawa mikono. Alikuwa amekumbatia mfuko wa majani ya chai, zawadi yake kwa waombolezaji. Nami, mbele ya watu wote, nikamwambia, "Umechelewa, Klara. Kama kawaida yako."

Aliuweka ule mfuko kwenye kizingiti cha mlango, akageuka. Hakuna aliyeuokota mpaka mvua ilipouharibu. Tangu siku hiyo Klara hajakanyaga nyumbani, na simu yangu haipokei.

Nimeomba mara nyingi neno lile lirudi kinywani mwangu. Halirudi. Basi nikasema moyoni, ulimi ndio ulioharibu, nisiutumie tena. Nitamchorea.

Nilichukua karatasi ndefu, nikachora visanduku saba, kimoja juu ya kingine, kama ngazi. Cha chini kabisa kilikuwa shamba la chai, na Klara ndani yake ana kikapu mgongoni. Kwenye cha pili kikapu amekiweka chini. Kisha mto, kisha msitu, kisha matuta ya karoti, kisha njia ya nyumbani kwetu yenye lile jiwe tulilokuwa tunapumzikia tukitoka kuchota maji. Juu kabisa nilichora nyumba ya mama, moshi, mlango uko wazi, Klara yuko mbele yake na mzigo mdogo, nami nimenyoosha mikono yote miwili. Sikuandika neno, maana Klara aliacha shule darasa la pili. Nilichora karatasi mbili zinazofanana. Moja nikampa Salimu, dereva wa basi dogo linalokwenda Bumbuli, nikamwambia amwambie Klara kwamba Jumamosi ya tamasha nitakuwa Lushoto ukumbini, meza ya watoto, mpaka saa nane.

Aliporudi nilimuuliza, "Alisemaje?"

"Hakusema kitu. Aliitazama, akaikunja, akaitia kifuani."

"Hata neno moja, Salimu?"

"Mama Evelina, mimi nimebeba karatasi. Maneno hakunipa."

Nikaridhika. Ile karatasi ya pili niliitundika ukumbini, nyuma ya meza yangu, ili Klara akiingia aione na ajue amefika mahali penyewe.

Meza ya jirani ilikuwa ya kijana mmoja kutoka Dar es Salaam aliyeitwa Ismaili, mwenye wino kwenye vidole vyote kumi. Watoto walikuwa bado hawajafika alipokuja kusimama mbele ya ukurasa wangu na kikombe cha chai mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hii ni yako?"

"Ni yangu."

Aliitazama, akatikisa kichwa polepole. "Imeniuma, mama. Sikutegemea. Huyu wa mlangoni anavyomsukuma mwenzake, bila hata neno."

"Anamsukuma nani?"

"Huyu mwenye mzigo. Anafukuzwa kwao, anashuka, anashuka, mpaka anaishia huku kwenye chai, peke yake." Kidole chake chenye wino kilianzia kwenye mlango wa mama, kikapita kwenye jiwe letu, kikateremka karotini, msituni, mtoni, kikasimama kwenye kikapu. "Na hapa mwisho anabebeshwa kikapu. Basi. Imeisha."

"Umeanzia wapi, mwanangu?"

"Juu, mama."

"Kwa nini juu?"

Alinitazama kuona kama ninamtania. "Katuni inasomwa kutoka juu kwenda chini. Kama kitabu."

Nilikaa kwenye benchi la watoto. Kusoma nilijua kunaanzia juu. Lakini kuchora hakuna aliyenifundisha, na mkono wangu ulichora kama unavyolima. Kwetu shamba ni ukuta. Unaanzia chini, uso unatazama mlima, unapanda tuta kwa tuta mpaka nyumbani. Anayeanzia juu anakanyaga alichokwisha kulima, na siku moja anaporomoka. Katuni zangu zote za nyuma zilikuwa za kisanduku kimoja, hazina juu wala chini, kwa hiyo hata Mwalimu Abrahamu hakupata nafasi ya kunisahihisha. Tena watu wangu nawachora kwa ubavu, na miguu yao haijanyooka. Huwezi kujua kama wanakwenda au wanarudi.

Niliutazama ukurasa wangu kwa macho ya Ismaili. Kweli. Mikono niliyoichora ikimpokea ilikuwa inamsukuma. Mdogo wangu alinisubiri miaka mitano, na mimi nimemtumia karatasi inayosema, ondoka.

"Nimekosea kusema, mama?" Ismaili aliuliza.

"Hapana," nikamwambia. "Umesoma ulivyofundishwa."

Niliinamisha kichwa pale pale, watu wakinipita na vinyago vyao. Bwana, nikasema, mimi nimechora ninavyojua. Wewe uliyesoma mioyo kabla ya herufi, msomee mdogo wangu.

Nilipoinua kichwa, watoto walikuwa wamefika.

Walikuwa kama thelathini. Waliingia wameshikana mikono, ukungu kwenye nywele zao umeganda vitone vidogo kama shanga, na wakasema shikamoo bibi kwa sauti moja ndefu iliyozunguka ukumbi ikarudi. Niliwagawia penseli. Kwa muda kulikuwa na mlio wa vichongeo tu, na harufu ya mbao mbichi, nikahisi kama tumekaa ndani ya mti mkubwa unaochongwa taratibu kutoka ndani.

"Anzeni na ardhi," niliwaambia. "Chora mstari wa ardhi, ili watu wako wapate pa kusimama."

Wakachora. Nilipita nyuma ya migongo yao. Karatasi baada ya karatasi, mstari ulikuwa umelala upande, umepanda kutoka kona hadi kona. Juu yake nyumba zilisimama mguu mmoja mrefu, mwingine mfupi.

Ismaili alinyoosha shingo kutoka mezani kwake. "Mama, ardhi ya wanafunzi wako inaanguka."

"Haianguki," alisema msichana mmoja bila kuinua macho. Aliitwa Tabitha, alitoka Lukozi, na meno yake mawili ya mbele yalikuwa bado njiani. "Ndivyo ilivyo."

Mmoja tu ndiye aliyechora mstari ulionyooka, naye ni Abdulaziz, aliyekuja kutoka Mombo, kule tambarare. Wenzake wakaizunguka karatasi yake.

"Hiyo ni nini, meza?"

"Ni uwanja wa mpira," alisema Abdulaziz.

"Uwanja gani hauna mteremko? Mpira ukiukosa unakwenda wapi?"

"Hauendi. Unakaa hapo hapo."

Walimtazama kama mtu anayesimulia habari za mbinguni. Tabitha akauliza kwa upole, "Kwa hiyo hamkimbii kuufuata mpaka mtoni?"

"Hapana."

"Pole," akasema Tabitha.

Nilicheka, na kicheko kilinishangaza kwa sababu kilitoka mahali palipokuwa na uzito. Kisha nikawagawia karatasi ndefu, kama ile yangu, na nikawachorea visanduku vinne, kimoja juu ya kingine. "Nichoreeni safari yenu ya leo," nikasema. "Kutoka nyumbani mpaka hapa." Sikuwaambia waanzie wapi. Nilitaka kuona. Nakiri kwamba wakati huo sikuwa ninafundisha. Nilikuwa ninatafuta jibu langu kwenye mikono ya watoto wa watu.

Tabitha aliweka penseli juu. Wa pembeni yake, juu. Mwingine, juu. Nilihesabu ishirini na zaidi, wote juu, na kila penseli iliyogusa juu ilinichoma. Hawa ni watoto wa milima hii hii, nikawaza. Kama hata wao wanaanzia juu, Klara naye ameanzia juu.

Nikafika kwa Abdulaziz. Penseli yake ilikuwa chini kabisa.

"Mbona umeanzia chini, mwanangu? Wenzako wote wako juu."

Aliziba karatasi kwa mkono, akidhani amekosea. "Nimetoka Mombo, bibi. Mombo iko chini. Tumepanda mpaka hapa."

"Na wewe, Tabitha?"

"Mimi nimetoka Lukozi," alisema, kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi. "Lukozi iko juu. Nimeshuka."

Nilisimama kati yao. Ukungu ulikuwa umeingia zaidi, na sauti za ukumbi, vicheko, kipaza sauti kikiita majina, mtu akipuliza filimbi, zote zilikuwa zimefunikwa kama chungu kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Ndani ya weupe ule watoto thelathini walikuwa wanashuka na kupanda kwenye karatasi zao. Watoto wa kijiji cha Gare walikuwa wamefika njia panda. Abdulaziz alikuwa kwenye kona za Soni, katikati ya mlima, na basi lake lilikuwa na uso wa mtu aliyechoka. Niliona kama wote wanakuja kwangu, kutoka kila upande, na kati yao natafuta mwanamke mwenye kanga kichwani. Niliwaona wengi. Kila mmoja aliposogea karibu, alikuwa mtu mwingine.

Saa saba ilipita. Nilimsaidia mtoto kuchora mkia wa ng'ombe. Nilimfundisha mwingine kwamba kiputo cha maneno kina mdomo, na mdomo huo unamwelekea anayesema. "Na asiyesema?" akaniuliza. Nikamwambia asiyesema hana kiputo, lakini usimsahau kwenye picha.

Saa nane ilifika. Binti wa kipaza sauti alitangaza kwamba kipindi cha watoto kimekwisha. Walinishukuru kwa ile sauti yao moja ndefu, wakashikana mikono, wakaondoka. Tabitha aliniachia karatasi yake. Kwenye kisanduku cha mwisho, chini, alikuwa amenichora mimi. Nilikuwa mkubwa kuliko ukumbi, na ardhi niliyosimamia ilikuwa imelala upande.

Nilikaa. Saa nane na nusu walikuja kubeba mabenchi, nikawaomba waniachie moja.

Ismaili alikuja na penseli ya rangi nyekundu. Nadhani alikuwa amenitazama mchana kutwa. "Mama," alisema, "uandikie ukurasa huu namba. Moja mpaka saba, kutoka chini. Hakuna atakayekosea tena."

Alikuwa na nia njema. Niliuondoa ukurasa kwenye kamba, nikaulaza mezani, nikaandika moja pale kwenye chai. Mkono ulikuwa mzito. Yule niliyemchorea alikuwa ameshaisoma karatasi yake, isiyo na namba. Niliandika mbili, kwenye kikapu kilichowekwa chini. Niliandika tatu, mtoni. Nikamwambia Mungu kwamba kama jibu ni hapana, nitalipokea, ila anisaidie kulibeba mpaka Malindi, maana njia inapanda.

Nilikuwa naandika nne nilipoona vidole viwili kwenye ukingo wa meza. Vilikuwa vyeusi pembeni, weusi ule wa utomvu wa majani ya chai ambao sabuni haiutoi.

Sikuinua kichwa mara moja. Niliogopa kwamba atakuwa mtu mwingine tena.

"Nimechelewa," ilisema sauti ya Klara.

Alikuwa amekonda. Kanga ilikuwa imelowa mabegani, na nyuma yake ukungu ulikuwa bado unafunga mahali alipopita. Neno la zamani lilikuwepo kinywani mwangu, nalihisi, limekaa pale pale lilipokaa miaka mitano, na lilikuwa tayari. Nililimeza.

"Umefika," nikamwambia.

Alikaa kwenye benchi la watoto, magoti yake yakapanda karibu na kidevu. Hatukukumbatiana. Sisi si watu wa kukumbatiana ukumbini. Alitoa karatasi kifuani, imekunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imeanza kukatika, akaifungua juu ya meza, kando ya ile yenye namba nyekundu.

"Lile jiwe umelichora dogo," alisema.

"Limezama. Udongo umeshuka."

"Na pua hii si yangu."

"Pua zinanishinda, Klara. Vumilia."

Alizitazama karatasi zote mbili. "Hizi namba za nini?"

Nilitaka kumweleza yote, Ismaili na kitabu na mikono inayosukuma. Nikauliza tu, "Uliposoma, ulianzia wapi?"

Klara alinitazama kama Tabitha alivyonitazama. Akaweka kidole chake cheusi chini kabisa, kwenye shamba la chai, juu ya yule mtu mdogo mwenye kikapu.

"Hapa," alisema. "Si ndipo nilipokuwa? Ningeanzia wapi kwingine, dada?"

Kidole kilipanda. Kilipita kikapu, mto, msitu. Kilikaa kidogo karotini, akasema basi lilipata pancha, ndiyo maana amechelewa, kisha kikaendelea, jiwe, na kikasimama mlangoni kwa mama. Hakukiondoa pale.

Ismaili, mezani kwake, alikuwa anafunga kalamu zake polepole sana, kama mtu aliye kanisani.

"Hukuchora kinachofuata," Klara alisema.

"Sikukijua."

Aliinama, akapapasa chini ya benchi, akatoa mfuko. Ulikuwa mfuko wa majani ya chai, umefungwa kwa uzi uleule wa katani anaoufungia siku zote, mafundo mawili. Aliuinua, na nikaona mkono wake ukielekea mezani kuuweka.

Niliupokea kwa mikono yote miwili kabla haujagusa ubao.